Macho Hayana Pazia, Runinga Inalo

Kati ya hadithi zote zinazosimuliwa kuhusu televisheni na siasa za Marekani, iliyochakaa kwa kurudiwa ni ya poda. Jioni ya tarehe 26 Septemba 1960, katika studio ya CBS mjini Chicago, Seneta John F. Kennedy na Makamu wa Rais Richard Nixon walikutana katika mdahalo wa kwanza wa wagombea urais kuoneshwa kwenye televisheni. Nixon alikuwa ametoka hospitali si muda mrefu, goti lilikuwa limemuuguza, amekonda, ukosi wa shati unampwaya shingoni. Hakutaka mtaalamu amrembe uso, akaishia kupakwa poda ya dukani ya kuficha kivuli cha ndevu. Suti yake ya kijivu ilimezwa na ukuta uliokuwa nyuma yake. Kennedy alikuja na suti ya rangi iliyokolea, uso umeiva kwa jua, akaikabili kamera kana kwamba anazungumza na mtu mmoja aliyeketi mbele yake. Watu zaidi ya milioni 60 walitazama. Kisha huja utamu wa hadithi: waliosikiliza redioni wakasema Nixon kashinda, waliotazama wakasema Kennedy.

Mtindo wa mdahalo huo umesafiri hadi kwetu, na Wakenya waliandaa wa kwanza wa wagombea urais wao Februari 2013. Hadithi ya poda imesafiri nao. Nimeisikia kwa watu ambao hawajautazama mdahalo wenyewe hata dakika tano.

Ushahidi wake, hata hivyo, ni mwembamba. Kauli ya kwamba redio ilimpa Nixon ushindi inategemea zaidi uchunguzi wa kampuni moja ya utafiti wa soko, Sindlinger, ambao ndani yake wasikilizaji wa redio hawakufika 300. Tena hao hawakuwa sawa na watazamaji. Kufikia 1960 nyumba 87 katika kila 100 zilikuwa na televisheni, kwa hiyo aliyebaki na redio peke yake mara nyingi alikuwa mtu wa shamba, Mprotestanti, na huenda alikuwa na shaka na Kennedy Mkatoliki kabla hata hajafungua kinywa. Mwaka 1987 wataalamu wawili, David Vancil na Sue Pendell, waliichambua hadithi hiyo na kuonesha kwamba haina miguu ya kusimamia. Miaka ya baadaye James Druckman alifanya jaribio kwa vijana wasioujua mdahalo ule, wengine wakausikia tu na wengine wakauona, na kweli walioona walielekea zaidi kwa Kennedy. Basi picha ina nguvu yake, hilo halikataliki. Ila kutoka hapo hadi kusema poda iliamua uchaguzi ambao Kennedy aliupata kwa tofauti ya kura zisizofika 120,000 kati ya milioni 68 ni safari ndefu. Katika uchaguzi wa kiasi hicho, chochote unachokitaja kinaweza kudaiwa ndicho kilichoamua.

Hadithi ya poda inatushika macho tuutazame uso wa mgombea, tusiulize kamera iliwekwa na nani, nani aliilipia, na watazamaji waliacha kufanya nini ili waketi mbele yake. Waswahili husema macho hayana pazia: kilicho mbele ya jicho, jicho hukiona. Runinga ina pazia, na pazia hilo lina mwenyewe. Ukitaka kujua televisheni iliifanyia nini Marekani katika miaka yake 20 ya mwanzo, ni heri umfuate huyo mwenye pazia kuliko umfuate Nixon na ndevu zake.

Kuenea kwa televisheni kulikuwa kama moto wa nyikani. Rais Franklin Roosevelt alionekana kwenye televisheni mwaka 1939, katika maonesho ya dunia ya New York, lakini vita vikaja na viwanda vikageuzwa kutengeneza mitambo ya jeshi. Mwaka 1950 nyumba 9 tu katika kila 100 zilikuwa na seti. Miaka kumi baadaye ni hizo 87. Hakuna chombo cha nyumbani kabla yake kilichoingia sebuleni kwa kasi ile, si simu, si hata redio.

Lakini moto huo uliwahi kuzuiwa, na kuzuiwa kwake ndiko kunakotupa kipimo bora kuliko vyote. Septemba 1948, FCC, tume ya serikali inayogawa masafa ya utangazaji, ilisimamisha utoaji wa leseni mpya za stesheni. Mawimbi yalikuwa yameanza kugongana, picha ya mji mmoja ikipita juu ya picha ya mji mwingine kama mzimu. Tume ilidhani miezi sita ingetosha kupanga upya. Ilichukua hadi Aprili 1952. Muda wote huo nchi nzima haikuvuka stesheni 108. New York na Los Angeles zilikuwa na saba kila mmoja. Pittsburgh, mji mkubwa wa chuma, ulikuwa na moja. Denver na Portland ya Oregon hazikuwa na hata moja. Msomaji wa Tanzania ataelewa upesi, maana Zanzibar ilitazama televisheni tangu miaka ya 1970 huku Bara ikingoja mpaka 1994. Watu wa nchi moja, wengine na seti wengine bila.

Kilichokuwa kero ya urasimu kiligeuka tunu kwa watafiti. Miji haikupata au kukosa televisheni kwa sababu ya tabia ya wakazi wake, bali kwa sababu ombi la leseni liliwahi au lilichelewa kabla ya mlango kufungwa. Kwa hiyo unaweza kuiweka miji hiyo sambamba na kuuliza nini kilibadilika pale seti zilipofika. Mchumi Matthew Gentzkow alifanya hivyo katika utafiti aliouchapisha mwaka 2006, na alichokikuta kinashangaza mtu aliyelelewa na hadithi ya poda. Televisheni ilipoingia mahali, watu walipunguza kupiga kura. Kwa makadirio yake, kati ya robo na nusu ya anguko lote la mahudhurio ya wapigakura Marekani tangu miaka ya 1950 inaelezwa na kuingia kwa televisheni.

Sababu anayoitoa ni ya kawaida kabisa, na ndiyo maana naiamini. Televisheni haikuwashawishi watu waichukie siasa. Iliwaondoa kwenye gazeti na redio. Gazeti la mji lilikuwa limejaa habari za diwani, za mbunge wa wilaya, za ugomvi wa shule na barabara. Redio nayo ilikuwa na taarifa zake. Televisheni ilipokuja, usomaji wa magazeti na usikilizaji wa redio ulishuka ghafla, na maarifa ya watu kuhusu wagombea wao yakashuka pamoja nao. Athari ilikuwa kubwa zaidi katika chaguzi za bunge zisizoambatana na uchaguzi wa rais, yaani zile ambazo gazeti lilizifuatilia kwa kina na televisheni haikuzigusa. Rais alionekana kila siku. Mbunge wako wa wilaya alitoweka.

Ukilitia hilo moyoni, vitimbi vya Nixon vinapungua uzito. Jambo kubwa la kisiasa lililoletwa na televisheni halikuonekana kwenye kioo. Lilikuwa kimya cha saa mbili za jioni ambazo zamani zilikuwa za gazeti.

Haki itendeke pia upande wa pili. Gentzkow na mwenzake Jesse Shapiro waliutumia mgawanyo uleule wa miji kuuliza kama televisheni iliharibu akili za watoto, hofu iliyowasumbua wazazi wa wakati ule kama inavyowasumbua wazazi wa leo kuhusu simu. Hawakuona madhara. Walichokiona ni manufaa madogo katika alama za mtihani, yaliyo makubwa zaidi kwa watoto ambao Kiingereza hakikuwa lugha ya nyumbani na wale ambao mama zao hawakusoma sana. Na sinema? Husemwa kwamba televisheni ndiyo iliyoiua, lakini kumbi zilianza kupungukiwa watu kabla ya nyumba nyingi kuwa na seti. Familia changa zilikuwa zimehamia vitongoji vya nje ya mji, mbali na kumbi, na mtoto mchanga mkononi. Televisheni iliwakuta tayari wako nyumbani.

Sasa mwenye pazia. Mkono mtupu haulambwi, na mkono uliolambwa na televisheni ya mwanzo ulikuwa wa mdhamini. Hakukuwa na ada ya watazamaji kama ile iliyoiendesha BBC ya Uingereza. Kampuni ya bidhaa ilinunua muda mzima wa kipindi, wakala wake wa matangazo mara nyingi ndiye aliyekitengeneza, na jina la bidhaa likakaa kwenye jina la kipindi. Taarifa ya habari ya NBC iliitwa kwa jina la sigara, Camel. I Love Lucy, kipindi cha vichekesho kilichoanza mwaka 1951, kilikuwa cha Philip Morris, sigara tena. Lucille Ball aliposhika mimba, mhusika wake naye akaandikiwa mimba, lakini neno "mjamzito" halikuruhusiwa kutamkwa. Kipindi cha kujifungua kilioneshwa tarehe 19 Januari 1953 na watu takriban milioni 44 wakakitazama. Kesho yake Dwight Eisenhower aliapishwa kuwa rais mbele ya watazamaji wapatao milioni 29.

Tofauti hiyo ya milioni 15 inanichekesha kila ninapoikumbuka, ila ndani yake mna funzo la biashara ambalo mashirika ya utangazaji hayakulisahau.

Mdhamini hakuagiza uongo. Aliagiza kisichomuudhi mteja, na hilo lina madhara ya aina yake. Nat King Cole, mwimbaji aliyependwa na weupe kwa weusi, alipewa kipindi na NBC mwaka 1956. Wageni mashuhuri walikuja kuimba naye kwa malipo kiduchu. Hakuna kampuni ya kitaifa iliyokubali kukidhamini, kwa hofu ya wanunuzi wa Kusini, na mwisho wa 1957 kikafungwa. Aprili 1959 kipindi cha tamthilia cha Playhouse 90 kilirusha mchezo kuhusu kesi za majaji wa Kinazi, Judgment at Nuremberg. Miongoni mwa wadhamini kulikuwa na chama cha wauza gesi ya kupikia. Mchezo ulipofika kwenye vyumba vya kuulia Wayahudi, neno "gesi" lilikatwa sauti. Midomo ya mwigizaji ikafunguka, hakuna kilichotoka. Mchezo huo tutakutana nao tena.

Kisha kashfa ya chemsha bongo. Juni 1955 CBS ilianzisha The $64,000 Question, ikidhaminiwa na kampuni ya vipodozi ya Revlon, na nchi ikasimama. Mashirika mengine yakaiga. Katika Twenty-One cha NBC, mwalimu kijana wa Chuo Kikuu cha Columbia, Charles Van Doren, aliketi ndani ya kibanda cha kioo, akifuta jasho na kutafuta majibu kichwani, wiki baada ya wiki, hadi akajikusanyia dola 129,000. Jasho lilikuwa la maigizo. Majibu alikuwa amepewa kabla. Mpinzani wake Herbert Stempel aliagizwa ashindwe kwa swali ambalo jibu lake alilijua vizuri. Novemba 1959 Van Doren alikiri mbele ya kamati ya Bunge, na mwaka uliofuata sheria ikabadilishwa ili udanganyifu wa namna hiyo uwe kosa. Wengi waliumia kwa sababu Van Doren alionekana kama mtoto wa nyumba njema, msomi, mstaarabu. Lakini matokeo yaliyodumu yalikuwa ya kiutawala: mashirika yaliutumia mwanya huo kuwapokonya wadhamini uendeshaji wa vipindi, yakabaki kuwauzia dakika za matangazo tu. Pazia likatoka kwa muuza sabuni na kuingia mkononi mwa NBC, CBS na ABC. DuMont, shirika la nne, lilikuwa limeshakufa katikati ya miaka ya 1950, kwa sehemu kwa sababu usimamishaji wa leseni uliacha miji mingi na stesheni moja au mbili ambazo tayari zilikuwa za wakubwa.

Wanasiasa hawakuchelewa kugundua chombo hiki. Machi 1951 kamati ya Seneta Estes Kefauver ilipowahoji majambazi wakuu wa New York, Frank Costello hakutaka uso wake uoneshwe. Kamera ikaenda kwenye mikono yake. Watu wapatao milioni 30 wakaitazama mikono hiyo ikikunja karatasi na kusokotana, na mikono ikasema ambayo ulimi ulikataa. Kefauver akawa nyota. Mwaka uliofuata alimshinda Rais Truman aliyekuwa madarakani katika mchujo wa New Hampshire, akazoa michujo mingi iliyofuata, na bado wakuu wa chama cha Democratic wakampa tiketi Adlai Stevenson. Umaarufu wa runinga ulikuwa haujawa na nguvu ya kuvunja mlango wa chama. Hilo lingekuja baadaye, na lilihitaji kubadilisha kanuni za michujo, si kamera peke yake.

Katika uchaguzi huo wa 1952 Stevenson alinunua nusu saa nzima kwa hotuba zake, zikapitiliza muda na kukatwa njiani. Upande wa mpinzani wake, Jenerali Eisenhower, alikuja Rosser Reeves, mtu wa matangazo ya biashara, akiwa na wazo la sekunde 20. Raia anauliza swali, jenerali anajibu. Eisenhower aliyarekodi majibu yake kwa siku moja, kama majibu 40. Waliouliza walitafutwa baadaye, watalii waliookotwa nje ya ukumbi wa Radio City, wakasomeshwa maswali ambayo majibu yake yalikuwa tayari kwenye kopo la filamu. Sijui mfano mzuri kuliko huu wa pazia kufanya kazi yake. Hakuna neno la uongo, kila aliyeonekana ni mtu wa kweli, ila mazungumzo hayo hayakutokea.

Nixon, huyohuyo wa poda, ndiye aliyeelewa chombo hiki kuliko wote mwaka ule. Alikuwa mgombea mwenza wa Eisenhower, na gazeti lilikuwa limefichua mfuko wa dola 18,000 aliochangiwa na matajiri. Wakubwa wa chama walimtaka ajiuzulu. Tarehe 23 Septemba chama kikalipia nusu saa, Nixon akaketi mbele ya kamera Hollywood na kufungua daftari la mali zake: rehani ya nyumba, gari, koti la kawaida la mkewe, na mbwa aliyetumiwa watoto wake zawadi, ambaye alisema hatamrudisha kamwe. Takriban watu milioni 60 walimwona au kumsikia. Mwishoni akawataka watazamaji waandikie makao makuu ya chama, ili uamuzi wa hatima yake usibaki kwa Eisenhower. Simu za maandishi zikamiminika, na jenerali hakuwa na njia. Miaka nane baadaye, kwenye mdahalo, ni mtu huyohuyo. Aliyetaka kuamini kwamba televisheni ilimkataa Nixon kwa sababu ya sura yake hana budi kwanza kueleza kwa nini ilimwokoa akiwa na sura ileile.

Hadithi nyingine kubwa ni ya Edward R. Murrow na Seneta Joseph McCarthy. McCarthy alivuma kuanzia Februari 1950 kwa kudai kwamba wakomunisti wamejipenyeza katika Wizara ya Mambo ya Nje, na alilijua gazeti kama mvuvi anavyojua maji: alijua kurasa zinafungwa saa ngapi, akatoa tuhuma kwa wakati ambao hakuna mhariri angeweza kuzihakiki. Tarehe 9 Machi 1954, Murrow katika kipindi chake See It Now cha CBS alimwonesha McCarthy kwa picha na sauti yake mwenyewe, akijipinga na kuwakaripia mashahidi. Kilikuwa kitendo cha ujasiri. Murrow na mtayarishaji wake Fred Friendly walilipia tangazo la gazetini kwa fedha zao, kwa sababu CBS haikutaka jina lake liwemo.

Lakini miaka minne ilikuwa imepita. Seneta Margaret Chase Smith wa Maine, mwanachama wa chama kilekile cha McCarthy, alikuwa amemkemea ndani ya Seneti tangu Juni 1950, na siku ileile ya kipindi cha Murrow Seneta Ralph Flanders naye alimshambulia. Murrow alifika kwenye msiba watu wameshaanza kuchimba kaburi. Sisemi hili kumpunguzia heshima. Nasema chombo chake kilikuwa cha mwisho kujitosa, si cha kwanza.

Kilichommaliza McCarthy kilikuwa kirefu zaidi na kisicho na mwandishi. Kuanzia Aprili 22 hadi Juni 17 mwaka huo, siku 36 za vikao, Seneti ilisikiliza mgogoro kati yake na jeshi. CBS haikuvirusha moja kwa moja. NBC ilianza, ikaacha baada ya siku chache. Zote mbili zilikuwa na tamthilia za mchana zilizouzwa kwa wadhamini, na kila saa ya McCarthy ilikuwa hasara. Waliorusha vikao vyote ni ABC na DuMont, mashirika maskini ambayo mchana wake ulikuwa mtupu. Hapo ndipo nchi ilipomwona seneta akikatiza, akidai hoja ya utaratibu kila dakika, akichafua jina la mwanasheria kijana asiyekuwapo ukumbini, mpaka wakili wa jeshi, Joseph Welch, tarehe 9 Juni alipomuuliza kama hajabakiwa na chembe ya ustaarabu. Januari, nusu ya Wamarekani walikuwa wakimkubali. Katikati ya mwaka ni kama theluthi. Desemba Seneti ikamkaripia rasmi kwa kura 67 dhidi ya 22. Ustawi wa nchi uliangukia kwenye ukweli kwamba ABC haikuwa na kitu cha kuuza saa nne asubuhi. Naye Murrow? Mwaka 1955, The $64,000 Question ilipopangwa kabla tu ya See It Now, thamani ya nusu saa yake ilipanda mno, akapoteza nafasi yake ya kila wiki.

Kundi lililolisoma pazia hili kwa makini kuliko wanasiasa wote ni la wapigania haki wa Kusini. Septemba 1957 kamera zilikuwa Little Rock, Arkansas, msichana mweusi wa miaka 15, Elizabeth Eckford, alipotembea peke yake kuelekea shuleni huku umati wa weupe ukimfuata kwa matusi. Eisenhower alituma jeshi. Funzo lilionekana, na wapinzani nao walijifunza. Mwaka 1961 na 1962, katika mji wa Albany, Georgia, mkuu wa polisi Laurie Pritchett aliwakamata waandamanaji kwa mamia, kwa upole, akawatawanya katika mahabusu za wilaya jirani ili zake zisijae. Hakuna mbwa, hakuna damu, hakuna picha. Martin Luther King aliondoka Albany mikono mitupu, ingawa ubaguzi wa mji ule haukuwa mdogo kuliko wa mji mwingine wowote.

Birmingham ilichaguliwa mwaka 1963 kwa sababu ya Bull Connor, kamishna wa usalama ambaye hakuwa na upole wa Pritchett. Mei, watoto wa shule walipoingia barabarani, Connor akatoa mbwa na mipira ya zimamoto, na dunia ikaona. Wapo wanaosema televisheni ililipa ushindi vuguvugu la haki za kiraia. Mimi naona mambo yalikwenda kinyume: vuguvugu lilikuwa limeelewa kwamba kamera haioni dhuluma, huona tukio, kwa hiyo likaenda pale ambapo dhuluma ingelazimika kuwa tukio, na waliolipa gharama ya picha hiyo ni watoto walioangushwa na maji. Mwaka huohuo CBS na NBC zilirefusha taarifa zao za habari kutoka dakika 15 hadi 30, na uchunguzi wa Roper kwa mara ya kwanza ukaikuta televisheni imelipita gazeti kama chanzo cha habari cha Wamarekani. Novemba, Rais Kennedy akauawa, na nchi ikakaa mbele ya kioo siku nne mfululizo, hata ikamwona mtuhumiwa Lee Harvey Oswald akipigwa risasi mubashara.

Kisha Selma. Jumapili tarehe 7 Machi 1965, waandamanaji wapatao 600 walivuka daraja la Edmund Pettus na kupigwa na askari waliopanda farasi na waliotembea kwa miguu. Filamu ilikimbizwa New York. Usiku ule ABC ilikuwa ikionesha sinema yenye watazamaji takriban milioni 48, ikakatizwa, na kwa robo saa hivi nchi ikatazama marungu na moshi wa machozi. Sinema iliyokatizwa ilikuwa Judgment at Nuremberg, iliyotokana na mchezo uleule uliokatwa neno mwaka 1959. Safari hii hakuna mdhamini aliyewahi kufumba mdomo wa mtu. Siku nane baadaye Rais Johnson alisimama mbele ya Bunge kudai sheria ya haki ya kupiga kura, na tarehe 6 Agosti akaitia sahihi.

Lakini kuna watu waliokuwa Kusini ambao hawakuona hayo yote. Shirika la New York lilituma picha. Stesheni ya mji ndiyo iliyoamua kuzifungulia au kuzizuia. Mjini Jackson, Mississippi, ambako karibu nusu ya wakazi wa eneo lile walikuwa weusi, stesheni ya WLBT ilikuwa ikirusha vipindi vya NBC. Mwaka 1955 NBC ilipomweka hewani Thurgood Marshall, wakili wa NAACP, chama cha kutetea haki za weusi, skrini za Jackson ziliweka bango la kuomba radhi kwamba waya umepata hitilafu. Waya ulikuwa mzima. Ni hadi Mei 1963, baada ya malalamiko kufika FCC, ndipo Medgar Evers wa NAACP alipopewa dakika kama 17 kumjibu meya. Watu wa Jackson walimwona usoni kwa mara ya kwanza. Wiki tatu baadaye, Juni 12, alipigwa risasi mbele ya nyumba yake.

Mwaka 1964 Everett Parker, mchungaji wa Kanisa la United Church of Christ, aliwatumia watu wa Jackson kuitazama WLBT wiki nzima na kuandika kila kilichorushwa, kisha akapinga kuhuishwa kwa leseni yake. FCC ilijibu kwamba mtazamaji hana haki ya kusimama mbele yake. Haki hiyo ni ya mwenye maslahi ya biashara. Mwaka 1966 Mahakama ya Rufaa ya Washington, kwa hukumu iliyoandikwa na Jaji Warren Burger, mhafidhina, iliikataa hoja hiyo. Anayetazama ana haki ya kusikilizwa. Kesi ikarudi, ikazungushwa, na mwaka 1969 mahakama ileile ikaifuta leseni ya WLBT.

Stesheni ilikabidhiwa kwa waendeshaji wa muda, na mwaka 1972 William Dilday akaingia kuwa meneja mkuu, Mmarekani mweusi wa kwanza kuongoza stesheni ya televisheni ya biashara nchini humo. Swichi iliyomzima Thurgood Marshall sasa ilikuwa chini yake. Marshall mwenyewe, wakati huo, alikuwa katika mwaka wake wa tano kama jaji wa Mahakama ya Juu ya Marekani.